Kwa baiskeli hadi Rabai, Ribe na Jibana: maelekezo ya fundi wa Mwembe Tayari

Mjomba wangu alikuwa akiteremsha nazi kutoka Ribe kwa baiskeli. Magunia mawili kwenye keria, yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na yeye juu ya Black Mamba isiyo na gia hata moja. Kwenye mteremko mkali breki za vyuma hazikumtosha, akawa anaburuta akala ya mguu wa kulia mchangani mpaka baiskeli itulie. Alitoka nyumbani usiku ili jua lisimkute njiani. Basi mteja akinijia hapa Mwembe Tayari na baiskeli ya changarawe, yenye tairi pana na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, akaniuliza kama njia za bara ya Mombasa zinapitika, humweleza habari za mjomba kwanza. Zinapitika. Zina wenyewe, na wenyewe wanazijua.

Ukisimama Mombasa ukaangalia magharibi utaona mgongo wa vilima. Kusini unaanzia Kwale, kaskazini unakwenda hadi kwa Wakauma. Si milima ya kukata pumzi kwa urefu, lakini hakuna tambarare: unapanda, unashuka bondeni, unapanda tena, na mwisho wa siku miguu imefanya kazi ya mlima mmoja mkubwa. Juu ya vilima vingi utaona msitu mweusi mnene, umesimama peke yake katikati ya minazi na mashamba ya mahindi. Hiyo ndiyo kaya. Wamijikenda, yaani makabila tisa ya pwani, Wakauma wakiwamo, walianza kuishi humo tangu karne ya 16, mji ukiwa uwazini katikati na msitu ukiwa ngome yake. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia nje, lakini makaburi, milango na mizimu ilibaki, na mwaka 2008 UNESCO ikayaingiza makaya kadhaa katika Turathi za Dunia. Kwa hiyo usiende huko ukitafuta msitu upande mmoja na kijiji cha kale upande wa pili. Msitu ndio kijiji chenyewe.

Baiskeli kwanza

Huhitaji baiskeli ya bei. Nimewapeleka watu kwa baiskeli za milimani za mtumba kutoka kontena, wakarudi salama. Ninachokagua ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni tairi. Upana wa milimita 40 ndio mwanzo, 45 ni bora, na kama fremu inakubali zaidi, weka zaidi. Tairi nyembamba za barabara ya lami zitakuzika mchangani kabla hujafika Ribe. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 na tyubu ndani, humjazia presha ya PSI 40 nyuma na 35 mbele. Watu hupenda kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, wakidhani ndiyo nguvu. Tairi gumu hurukaruka kwenye kokoto, halishiki. Ukifika kwenye mchanga mrefu punguza mpaka 30, uvuke, kisha upige pampu tena. Ukipunguza kupita hapo, rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na utapata ile pancha ya matundu mawili yanayotazamana.

Cha pili ni gia. Hesabu meno ya gia ndogo ya mbele, kisha ya gia kubwa kuliko zote ya nyuma. Ya nyuma iwe na meno zaidi. Kama mbele ni 30 na nyuma ni 34, utapanda ukiwa umekaa. Kama mbele ni 39 na nyuma ni 28, utashuka usukume, na jua la saa nne halina huruma na mtu anayesukuma.

Cha tatu ndicho watu wa Mombasa tunachokisahau, nacho ni chumvi. Baiskeli inayolala Kizingo, Nyali au Mji wa Kale inakula upepo wa bahari usiku kucha. Kwa nje inang'aa, lakini ndani ya ala ya waya wa breki kutu imeshaanza. Yalinifika mwenyewe. Nilikuwa nashuka bonde baada ya Rabai, nikabana breki ya nyuma, waya ukakatika ndani kwa ndani bila dalili yoyote. Nilibaki na breki ya mbele tu, kwenye kokoto, na mbele yangu mama amebeba maji. Niliielekeza baiskeli kwenye majani ya kando nikaanguka huko. Bega liliuma wiki mbili. Tangu siku hiyo, kabla ya safari ya vilima nachomoa nyaya zote, nazipitisha kitambaa, na wowote ulioota wekundu nautupa. Waya mpya ni rahisi kuliko bega. Wenye breki za mafuta wana nafuu hapo, lakini nao waangalie unene wa pedi zao, maana vumbi la kule huzisaga haraka.

Cheni usiipake mafuta ya injini. Ni mazito, hukamata vumbi na kufanya uji unaokula meno ya gia. Mafuta ya cherehani, tone moja kila pingili, kisha pangusa mpaka kitambaa kitoke kikavu, yanatosha safari ya siku moja ya kiangazi.

Kwenye mkoba weka tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spana za pembe sita, kifaa cha kukatia cheni na kiungo chake cha akiba. Weka pia kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole. Jiwe likichana tairi, kipande hicho hukaa ndani kati ya tairi na tyubu, na utafika nyumbani.

Ardhi inabadilika chini yako

Hili sikulisoma popote nilipoanza. Nililisoma kwa magurudumu, na baadaye nikaelezwa na mtu wa miamba aliyeleta baiskeli yake kutengenezwa. Kutoka Changamwe kuelekea Mazeras chini yako ni mwamba laini wa udongo. Ukiwa mkavu ni mtamu, baiskeli inateleza kama mashua. Ukinyeshewa hugeuka ulimbo: unashika tairi, unajaza nafasi ya fremu, na gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo usilazimishe cheni, utavunja kile kibanio cha nyuma kinachohamisha gia. Shuka, chokonoa kwa kijiti, beba.

Ukifika Mazeras unaingia kwenye mawe ya mchanga, yale ambayo kwa jiolojia yamepewa jina la mji huo huo. Hapa njia ni mchanga na kokoto za mviringo. Mchangani siri ni moja: gia nyepesi kidogo, miguu isisimame, uzito rudisha nyuma, na mikono iache usukani ucheze wenyewe. Anayeubana usukani ndiye anayeanguka. Kona usiikate kwa breki ya mbele. Punguza mwendo kabla ya kona, ingia ukiwa umeshatulia.

Upande wa Kambe mambo yanageuka tena. Ni mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, yametoboka na kuchongoka kwa mvua za miaka isiyohesabika, na njiani yanatokeza kama meno. Hapo ongeza presha kidogo na uchague mstari wako kwa macho mita kumi mbele. Usitazame gurudumu la mbele, maana baiskeli hufuata jicho.

Kupanda, kaa kwenye kiti. Ukisimama uzito unatoka nyuma, gurudumu la nyuma linazungukia hewani na unakwama. Kushuka, pedali ziwe sawa kwa usawa wa ardhi, matako nyuma ya kiti, vidole viwili kwenye kila breki, ubane uachie, ubane uachie.

Lini, na maji kiasi gani

Masika ya Aprili na Mei kaa nyumbani, kwa sababu ya ule ulimbo. Miezi ninayoipenda ni Julai hadi Septemba: hewa ya baridi kidogo, mashamba bado yana ukijani, njia zimekauka. Ila ni miezi ya kusi. Ukitoka Mazeras kwenda Jibana kusi linakusukuma mgongoni, unajiona bingwa, na wakati wa kurudi ndipo linakudai. Hesabu nguvu zako za kurudi kuwa theluthi moja zaidi ya za kwenda. Januari na Februari kuna kaskazi na joto kali. Ukienda, maliza kabla ya saa tano asubuhi.

Maji lita tatu kwa mtu. Kwenye chupa moja ninakamulia ndimu, natia chumvi kiasi cha ncha ya kijiko na sukari vijiko viwili. Vijijini kuna madafu karibu kila mahali, lakini usiyafanye ndiyo mpango wako. Mkwezi akiwa hayupo, minazi itakutazama tu.

Njia yenyewe

Usipande baiskeli kutoka kisiwani hadi Mazeras. Najua ni kama kilomita 20 tu na wengine huona fahari kuzipanda, lakini ile ni barabara kuu ya malori ya bandari, na dereva wa kontena hakuoni. Toka baada ya alfajiri, tafuta matatu yenye keria, elewana na makanga bei ya baiskeli kabla haijafungwa, na uifunge mwenyewe. Upande wa gia uwe juu, usilaliwe na mzigo.

Mazeras kunywa chai. Mahamri na mbaazi, na ule kuliko unavyodhani unahitaji.

Mazeras hadi Rabai ni kilomita chache za lami, zinatosha kupasha miguu moto. Rabai usipite mbio. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Walipita kwa mashua katika hori lile lile la Tudor tunaloliona kila siku, kisha wakapanda kilima. Rebmann alikaa pale mpaka 1875, karibu miaka 30, na aliondoka akiwa haoni. Kutoka Rabai ndipo alipoanza safari iliyomfikisha kuiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na Ulaya wakakataa kumsadiki. Kanisa la kale sasa ni makumbusho. Ingia, lipa, soma ukutani habari za watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakaja kujificha hapa. Ni hadithi ya wakazi wa Rabai wa leo pia, maana wengi wa waliokombolewa walibaki, wakaoa, wakalima. Mimi huwaambia wenzangu tukae pale saa nzima. Kuna anayeona saa nzima ni nyingi kwa mtu aliyekuja kupanda baiskeli. Huyo namwambia atangulie Ribe atungoje.

Pale makumbusho ndipo pa kuulizia kaya. Ya karibu inaitwa Mudzi Muvya, yaani mji mpya kwa Kirabai, na Mswahili yeyote akilitamka mara mbili atasikia lugha yake humo. Usiende peke yako. Omba upelekwe.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka ya nyuma, upande wa Jibana, niliiona njia nyembamba imetoka kwenye barabara ya vumbi na kuingia kivulini. Jua lilikuwa kali, njia imefagiwa na majani, nikakata kona nikaingia nayo. Sikufika mita hamsini. Mzee mmoja alikuwa amesimama ameshika panga lake la kupalilia, hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwanangu, hapo si njia. Hapo ni mlango." Nikashuka. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamtajia mama yangu ni mtu wa wapi. Alinigeuzia baiskeli kwa mkono wake, tukakaa chini ya mwembe nje ya msitu, akanieleza. Mlangoni mwa kaya kumezikwa fingo, kinga ya mji. Ndani wamelala wazee waliokuwa wakiukaa mji huo. Mti haukatwi, na kuni kavu haziokotwi, hata tawi lililoanguka lenyewe. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni ni chumba kipi cha nyumba kina mgonjwa.

Tangu hapo ninayo alama yangu. Minazi, miembe, mikorosho na mihogo ni mashamba ya watu, na njia ipitayo humo ni njia ya kila mtu, salimia upite. Minazi ikikoma ghafla na miti mikubwa ya mwitu ikaanza, simama, hata kama njia inaendelea na inavutia. Hapo baiskeli haiingii. Muulize mtu wa nyumba iliyo jirani, au nenda kwa mzee wa kijiji, ukaombe. Ukikubaliwa utaingia kwa miguu na mwenyeji wako, na lolote utakaloambiwa, ukivuliwa kofia au viatu, ukikatazwa picha, lifanye bila kujadiliana. Toa chochote cha wazee. Ukikataliwa, shukuru. Kuuzunguka msitu kwa nje ni safari nzuri vilevile: ubaridi wake unaufikia mkono ukiwa barabarani, na ndege hawanyamazi.

Kutoka Rabai shika njia za vumbi kuelekea Ribe, ukiuliza kila panapogawanyika. Ramani ya simu inajua barabara, haijui kama mvua ya juzi imechukua kivuko cha mto. Wabeba nazi na makaa wanajua. Muulize mwenye mzigo, maana asiye na mzigo atakwambia kila njia inapitika. Ribe ni kijiji kilichotulia, cha wamisionari wa Kimethodisti tangu 1862, na makaburi yao yapo. Hapo mimi husimama kwa jamaa zangu, nawe simama kwa yeyote anayekwambia karibu. Ukipewa ugali na mtsunga kula, ndiyo mboga itakayokufikisha Jibana.

Kambe ni yale mawe ya chokaa niliyokueleza, pita polepole. Jibana ndiyo kupanda kwa kweli kwa siku nzima, na kaya yake imekaa juu kilimani kama kilemba. Asiyeweza asukume, hakuna anayemhesabia. Juu kuna upepo, na kama vumbi halijapanda macho yanafika mbali upande wa bahari. Kutoka hapo teremka Kaloleni, mji wa minazi na masoko, kwenye barabara inayounganisha Mariakani na Mavueni. Aliyechoka apande gari hapo. Mwenye miguu bado arudi Mazeras kwa lami, kusi likimkabili. Kwa njia zangu mzunguko wote hutoka kilomita 45 hadi 50, na kwa mtu wa kawaida ni saa sita pamoja na mapumziko.

Watu huniuliza kuhusu Shimba Hills, kwa kuwa ndiko vilima vinapopita mita 400 na ndiko msitu ulikoenea. Barabara ya Kombani kupanda Kwale ni zoezi zuri la mapafu, na vijiji vya Wadigo pembeni ni vya ukarimu mwingi. Lakini hifadhi yenyewe ina ndovu, si palahala, wale swala wakubwa weusi, peke yao, na ndovu hutoka. Wasikilize askari wa wanyama getini, na alfajiri na magharibi usiwe kwenye njia za kando ya msitu.

Ukirudi nyumbani

Usiiache baiskeli na vumbi lake mpaka kesho. Vumbi la bara likikutana na unyevu wa bahari usiku mmoja tu, linaganda kwenye cheni. Ioshe kwa maji ya kawaida ya ndoo na brashi, usiipeleke kwenye mashine za kuoshea magari, maana mkondo ule unasukuma maji ndani ya beringi. Kabla hujaosha, pitisha mkono katikati ya spoki. Mimi nilikuta kijiti kimoja kikavu kimenasa nyuma, cha mti ambao haumei Mwembe Tayari wala mashambani mwa Jibana. Safari iliyofuata nilikwenda nacho mfukoni nikamwonyesha mzee, akakipokea kwa mikono miwili akakirudisha mwenyewe.

Kausha kwa kitambaa, tone la mafuta kila pingili, pangusa. Kisha inyanyue gurudumu la nyuma, zungusha pedali, sikiliza. Ukisikia mchanga unasaga, rudia kuosha.